Mkeka wa sebuleni: shajara ya kazi, 2024

Februari

Zulia limetoka sebuleni. Lilikuwa la nailoni, rangi ya kahawa, na kwa joto la Mbagala mwezi huu hakuna aliyethubutu kulikalia. Kazi yake ilikuwa kukusanya vumbi la barabara ya Kilwa, basi. Mahali pake nataka mkeka wa ukindu, na nataka niusuke mwenyewe chini ya jicho la shangazi, ambaye tangu ahamie kwetu kutoka Ikwiriri, Rufiji, sijawahi kumwona amekaa mikono mitupu.

Kununua kungekuwa rahisi. Mikeka ya Rufiji inauzwa kando ya barabara, imekunjwa na kusimamishwa wima mbele ya vibanda, na bei hupungua ukijua kusalimia vizuri. Ila nimekulia kwenye vitu vya mkono bila kuviangalia. Humu ndani nazi inakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa kwa kifumbu, mchele unapepetwa kwa ungo, na hakuna anayeviita sanaa. Sanaa ni kile kinyago cha mpingo alichopewa baba alipostaafu, kipo juu ya kabati la vyombo na hakiguswi ila siku ya kufuta vumbi. Aliyechonga kinyago na aliyechonga mbuzi wote walishika tezo na patasi, lakini mmoja kazi yake inawekewa taa, ya mwenzake inakaliwa.

Kwa hiyo sharti la mradi ni hili: kitu chochote cha mkono kitakachoingia nyumbani kwa sababu ya kazi hii kipewe shughuli. Cha kutundikwa ukutani hakiingii.

Vipimo tumekubaliana leo jioni. Shangazi alipima sebule kwa hatua, mimi kwa tepu, tukakutana kwenye mita 2 kwa mita 1.2. Mkeka hausukwi mzima. Kinachosukwa ni ukili, utepe mrefu mwembamba, halafu ukili unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Ukili wa shangazi ni wa vidole vitatu, karibu sentimita 6. Safu 20 zingetosha kwenye karatasi, lakini wakati wa kushona kila safu humeza kidogo ya mwenzake, kwa hiyo tunahesabu 21, na kila moja iwe na ziada ya kukata nchani. Jumla ni kama mita 45 za ukili. Nilipoitaja hesabu hiyo shangazi alicheka. Alisema yeye hajawahi kuhesabu. Anasuka mpaka bunda lionekane linatosha, na kwa kawaida linatosha.

Machi

Ukindu umefika kituo cha Rangi Tatu, hapa Mbagala, kwenye buti la basi, umefungwa kwa kipande cha gunia.

Kwa asiyeujua mti wenyewe: mkindu ni mtende wa porini unaopenda mabonde yenye maji, na bonde la Rufiji linao. Jani lililokwisha kufunguka halina faida kwa msukaji. Linalokatwa ni chipukizi la katikati, lililosimama kama mkuki, majani yake bado yamebanana na hayajapigwa na jua. Mkindu huota kwa kichaka, mashina mengi pamoja, na mkataji mwenye adabu huchukua baadhi ya machipukizi na kuyaacha mengine yaendelee. Asiye na adabu hufyeka yote, na mwaka unaofuata inambidi atembee zaidi.

Tuliuanika uani. Siku za mwanzo unakuwa wa kijani hafifu wenye harufu ya majani mabichi. Kidogo kidogo unageuka rangi ya maziwa yaliyochemka. Shangazi anauacha nje na usiku upate umande, lakini mvua hataki hata tone, maana ukilowa ukiwa nusu mkavu unaota madoa meusi ambayo hayatoki.

Kisha kuchana. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini ukucha wa gumba la kulia la shangazi ni mrefu kuliko kucha zake nyingine na haukatwi. Analikunjua jani, anang'oa uti wa kati, analishika ncha kwa mkono wa kushoto, anachomeka ukucha na kuvuta. Linapasuka kwa sauti moja ndefu kutoka ncha hadi kitako. Anachana tena, na tena, zinabaki nyuzi za upana wa milimita 6 hivi, na ukizipanga pamoja huoni iliyozidi. Mimi natumia ncha ya sindano. Zinatoka nzuri ila polepole, na shangazi anapitia fungu langu akitoa zile zilizonenepa upande mmoja. Hizo haziendi jalalani, tunafungia mboga.

Rangi ni za unga, zile zinazouzwa kwa kijiko dukani. Maji yanachemshwa kwenye sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa tena, unga unamwagwa, nyuzi zinazamishwa na kugeuzwa kwa kijiti, halafu zinaanikwa kivulini. Zambarau na kijani zimeshika vizuri. Nyekundu iliyotoka duka jingine ilitutoa jasho: kila iliposuuzwa ilitoa maji mekundu, na nyuzi zikabaki na rangi ya waridi iliyochoka. Tumeiweka kando. Nyuzi zinazovuja zingepaka madoa kwenye nyeupe mara ya kwanza mtu akimwaga chai.

Shangazi alikumbuka mizizi ya mdaa, iliyokuwa ikichemshwa zamani kupata nyeusi. Nikamwuliza kuhusu manjano ya jikoni, akasema inapendeza sana siku ya kwanza, kisha jua linaila. Basi mkeka wetu utakuwa wa zambarau, kijani na weupe wake wa asili.

Ramadhani imeanza na ratiba imehama. Mchana hakuna mwenye nguvu za kuinamia ukili. Tunasuka usiku baada ya tarawehe, mlango wa uani wazi, redio chini. Ukili wetu ni wa nyuzi 13. Zinapangwa mshazari, kila uzi unapita juu ya mbili na chini ya mbili, ukifika pembeni unakunjwa na kurudi ndani. Uzi unapokaribia kuisha, mpya unalazwa juu yake na kusukwa pamoja kwa vidole kadhaa, na mkia wa ule wa zamani unaachwa ukichungulia upande wa nyuma. Kwa hiyo nyuma ya ukili unaosukwa kumejaa manyoya, mbele kumetulia. Mikia hukatwa mwishoni kabisa.

Mchoro hauchorwi. Ukianza na nyuzi mbili za zambarau katikati ya nyeupe, zinaenda zikigeukia pembeni na kurudi, na mistari ya pembe inajitokeza yenyewe. Kazi ya msukaji ni kuweka uzi wa rangi mpya mahali uzi wa rangi ileile unapoishia. Shangazi anafanya hivyo huku akisimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa, na haangalii chini.

Aprili hadi Mei

Kazi imesimama. Mvua za mwaka huu zimeizidi masika tunayoijua. Mafuriko yameingia Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba chini ya maji, na ndugu zetu wanahangaika na mpunga uliozama. Nani atampigia simu mtu wa namna hiyo kumwulizia ukindu? Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika Somanga. Tulilipa michango ya familia na bunda lililobaki tukalitundika darini lisipate unyevu.

Nikajaza pengo kwa kitu kingine. Nilikwenda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga na sinia letu la bati lililokuwa limekwanguka, nikaomba lichorwe. Watu wengi wanakwenda pale kununua picha ya kubeba kwenye begi. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kupaka rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli na milango, kwenye vipande vya ubao mgumu wa dari. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, na ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo huo mpaka umekuwa jina. Vitu vyote alivyotumia vilikuwa vya dukani, vya ujenzi. Kwa hiyo sinia, kwa maoni yangu, liko karibu na asili ya kazi hiyo kuliko fremu ya dhahabu.

Mchoraji alinipa kanga wawili, madoadoa yao meupe yamepigwa moja moja kwa ncha ya brashi nyembamba, juu ya ardhi ya buluu inayofifia kuelekea ukingoni. Aliuliza kama atoboe tundu la kutundikia. Nikamwambia ni la vikombe. Akanitazama kidogo, akaongeza vanishi na kunionya nisiweke sufuria ya moto.

Sinia limeanza kazi siku hiyohiyo. Tatizo ni baba. Anakataa kuweka kikombe juu ya ndege. Anakiweka ukingoni kabisa, kwenye buluu tupu, na wageni wakimwona nao wanafanya hivyo, kwa hiyo sinia la vikombe sita sasa linabeba vinne. Mama anasema hiyo ndiyo heshima. Mimi nasema ni kinyago kingine kimepata kabati. Bado tunabishana.

Juni hadi Agosti

Ukindu umepatikana tena, bei imepanda na mabunda yamepungua unene. Sikubisha bei.

Kipupwe kina raha yake kwa mtu na karaha yake kwa msukaji. Upepo mkavu unakausha nyuzi mkononi. Zikikauka zinavunjika pale zinapokunjwa pembeni. Dawa ni taulo lenye unyevu la kufunikia nyuzi, na vidole kuchovya kwenye bakuli la maji mara kwa mara. Zisilowe chapachapa, maana zikinywa maji zinavimba, na zikikauka ukili unalegea wenyewe. Saa nzuri ni alfajiri, kabla ya jua kupanda.

Lakini alfajiri niko njiani kwenda kazini. Kwa hiyo ukili umehamia kwenye daladala. Ni kazi inayobebeka kuliko zote ninazozijua: ulioisha unaukunja duara ndani ya mkoba, nyuzi ziko kwenye mfuko wa nailoni zibaki na unyevu, mikono inasuka kile kipande kifupi kilichotoka nje. Kwenye foleni ya Mtoni ninapata urefu wa mkono mzima. Konda mmoja aliniuliza, "Dada, huo mkeka unashukia wapi?" Tangu hapo akiniona ananiwekea kiti cha dirishani. Mama mmoja wa makamo alinichukulia ukili mkononi bila kuomba, akasuka vituo viwili akiwa kimya, akanirudishia na kushuka. Kipande chake nakitambua mpaka leo. Yeye hupitisha uzi wa ukingo kwa kuubana zaidi, na pembe yake inatoka kali.

Jioni kuna ukaguzi. Shangazi anaunyoosha ukili, anauinua kwenye taa, anaangalia mwanga unaopenya. "Huu unapumua," anasema, akimaanisha umelegea. Anaubana kwa kuvuta nyuzi moja moja kuelekea mwanzo, kama dakika kumi hivi, na urefu niliouona mwingi unapungua mbele ya macho yangu. Wake haupumui. Ukiumwagia maji yanakaa kidogo juu kabla ya kuzama.

Julai ilipokwisha tulikuwa na mita 30 na ushei. Agosti kazi ilikwenda mbio, kwa sababu shangazi aliona ninachelewa na akaanza kusuka mchana nikiwa kazini bila kuniambia. Nilikuwa nakuta duara limenenepa. Siwezi kusema mkeka huu ni wangu peke yangu, na nadhani hakuna mkeka wa mtu mmoja.

Septemba

Kushona. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mikeka inapotofautiana na watu hawapaangalii.

Ukili ulikatwa vipande vya urefu sawa na kila ncha ikafungwa papo hapo kwa uzi, isifumuke. Vipande vikapangwa sakafuni. Tulitumia karibu jioni nzima kuvipanga tu, kwa sababu mistari ya zambarau inatakiwa ikutane: pembe ya safu hii igusane na pembe ya safu inayofuata, ili jicho lione mistari mirefu inayovuka mkeka mzima. Ukili uliosukwa na mikono mitatu hauna mwendo mmoja. Wangu una pembe pana, wa shangazi zimekaribiana, na kuna kile kipande cha mama wa daladala. Shangazi alivichanganya kwa makusudi, chake kimoja, changu kimoja, mpaka tofauti ikawa inaonekana kama mchoro uliokusudiwa.

Uzi wa kushonea ni ukindu uleule, uliochanwa mwembamba zaidi na kusokotwa kwa kiganja juu ya paja. Sindano ni shazia. Kingo mbili zinalazwa zikigusana, na shazia inapita ndani ya mikunjo ya pembeni, pale nyuzi zilipogeuka kurudi ndani. Inaingia mkunjo wa huku, inatoka mkunjo wa kule. Uzi ukivutwa, mikunjo ya pande mbili inaingiana na mshono unatoweka. Ukiuvuta mno, mkeka unajikunja juu kama paa. Ukiulegeza, kidole cha mguu cha mtoto kitapata pa kuingia, na mtoto akishapata tundu kazi imekwisha.

Mshono wa shangazi nimeutafuta kwa mkono nikiwa nimefumba macho, sikuupata. Wangu unapatikana.

Pindo limetuletea mjadala. Mimi nilitaka kupeleka kwa fundi cherehani atie taraza ya kitambaa cha zambarau, kama mikeka mingi ya siku hizi. Inapendeza, na inazuia ncha zisifumuke. Shangazi alitaka pindo la ukindu: ncha zirudishwe nyuma na kushonewa chini ya ukili mwembamba. Hoja yake haikuwa ya uzuri. Kitambaa kikichakaa, alisema, mkeka mzima utaonekana umechakaa, na fundi cherehani atakudai pesa. Ukindu ukikatika unachomeka mwingine ukiwa umekaa hapohapo. Pindo limekuwa la ukindu.

Mwisho, mkasi. Mikia yote iliyokuwa ikichungulia nyuma ilikatwa, na uani kukajaa vipande vya rangi ambavyo kuku walivikagua kimojakimoja na kuvikataa.

Oktoba

Mkeka umetandikwa. Vipimo halisi: mita 1.98 kwa mita 1.17. Umeingia kati ya makochi bila kugusa mguu wa meza.

Siku za kwanza kila mtu aliuzunguka. Nilikuwa nimeshajifunza kwa sinia, kwa hiyo sikungoja. Nilimwaga mchele juu yake na kuanza kuchambua mawe, mama akaja na ungo, watoto wa kaka wakalala hapohapo wakisubiri wali. Baba alijiunga baadaye na gazeti, akakaa ncha ya mbali, miguu nje. Sasa anakaa katikati.

Ninachoweza kuripoti kuhusu matumizi: ni baridi kwa mguu mchana na haushiki joto. Vumbi linapita kati ya nyuzi na kubaki sakafuni, kwa hiyo ukiukunja na kufagia umemaliza. Harufu ya majani makavu inatoka zaidi siku za unyevunyevu. Ukilala bila shuka, mchoro unahamia shavuni.

Nilikusudia kuutupa mkeka wa zamani wa chumbani kwa shangazi, uliochanika pembe mbili. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alinijibu, akaubeba uani. Unaanikiwa udaga, na unafanya kazi kuliko huu mpya.

Jirani aliuliza ningeuza kwa bei gani. Hilo linanisumbua hata sasa. Mkeka wa plastiki dukani haufiki nusu ya gharama ya ukindu na rangi tu, kabla hujaweka mikono ya mtu. Nikiweka mikono kwa kiwango cha mshahara wangu wa ofisini, hakuna mtu wa mtaa huu atakayeununua; nikiiacha mikono nje, nimefanya kama wanavyofanyiwa akina mama wa kando ya barabara kila siku. Mimi sina haja ya kuuza. Wao wanayo. Nikisimama tena Ikwiriri nitaomba kupunguziwa kwenye maembe, kwenye mikeka hapana.

Novemba

Vuli imeanza, na mkeka umepata jeraha la kwanza: mguu wa kiti ulivutwa na kukata nyuzi mbili za kijani. Shangazi alizifumua sentimita chache kila upande, akachomeka mpya zilizoloweshwa, akazisuka kufuata njia ya zile za zamani, akakata mikia. Kijani kipya kimekolea kidogo kuliko cha jirani zake. Miguu yote ya viti imevalishwa mpira.

Utunzaji tuliokubaliana: hauoshwi kwa maji mengi, unafutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuanikwa kivulini, unaviringishwa, haukunjwi mara mbili, na chai ikimwagika inafutwa palepale, hakuna kungoja mpaka mgeni aondoke.

Kimebaki kipande cha ukili cha mita 3 hivi. Kwa msala hakitoshi. Kinatosha kawa la kufunikia chakula, na la zamani limeshatobolewa na panya, kwa hiyo ndiyo kazi inayofuata. Jirani aliyeuliza bei naye ameamua kujifunza. Shangazi alimshika mkono, akazitazama kucha zake ndefu zilizopakwa rangi ya dhahabu, akampa bunda zima achane.